Utafiti wa kompyuta na mpito wa kawi: tufuate kipimo cha kaboni, au tupime mvuke unaopotea usiku?

Kilele_cha_Ngong (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu zangu, makala za utafiti kuhusu kompyuta na mpito wa kawi zimekuwa nyingi kiasi kwamba msomaji asiye mwangalifu anaweza kudhani kila tatizo la umeme limekwisha kupatiwa algoriti yake. Nimefungua uzi huu kwa swali moja ambalo makala hizo haziligusi, kwa kuwa hazikuandikwa kwa ajili yetu: katika nchi kama Kenya yetu, ambayo takriban asilimia 90 ya umeme wake tayari hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua, ni utafiti upi unaostahili kuletwa hapa, na ni upi tuuache ulikozaliwa?

Nianze na ule unaosifiwa zaidi. Mwaka 2020 Google ilitangaza kwamba imeanza kuahirisha zile kazi za vituo vyake vya data zisizo na haraka, kwa mfano kuchakata video, ili zifanyike katika saa ambazo gridi ya eneo husika ina umeme safi zaidi. Mfumo huo hukadiria tangu leo kiwango cha kaboni cha kila saa ya kesho, yaani hewa ukaa inayotolewa kwa kila yuniti ya umeme, kisha hukiwekea kila kituo kikomo cha matumizi, saa kwa saa. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin walilipima wazo hilohilo kwa takwimu za Ujerumani, Uingereza, Ufaransa na California, wakaonyesha kwamba kazi inayoweza kungoja hupunguza kaboni kwa kungoja tu. Kwa gridi inayochoma makaa na gesi usiku na kufurika umeme wa jua mchana, mantiki yake haina pingamizi.

Makala ninayoiona muhimu zaidi, ingawa haitajwi sana, ni ile iliyowasilishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst katika EuroSys, mkutano wa watafiti wa mifumo ya kompyuta, wa mwaka 2024. Wao walichukua takwimu za maeneo 123 duniani, wakauliza faida hiyo inabaki kiasi gani pindi vikwazo vya kweli vinapoingia: seva zisizo na nafasi, kazi zisizoweza kusubiri, data isiyoweza kuhamishwa. Waligundua kwamba faida ya kwenye karatasi hupungua mno, kwamba kanuni rahisi za kupanga kazi hupata sehemu kubwa ya faida iliyobaki huku mbinu tata zikiongeza kidogo tu, na kwamba kadiri gridi inavyozidi kuwa safi ndivyo faida ya kufuata kaboni inavyozidi kufifia.

Hilo la mwisho ndilo linalotuhusu. Gridi yetu imekwisha kuwa safi. Programu inayofuata wastani wa kaboni ikiletwa Nairobi itakuta saa zote zinakaribiana, na haitakuwa na la kuchagua. Ilhali kwa mtu anayeijua gridi hii saa hazifanani hata kidogo. Kilele cha mahitaji, ambacho mwaka 2025 kilipita megawati 2,300, hutufikia kati ya saa moja na saa nne usiku, watu wanaporudi nyumbani, na hapo ndipo mitambo ya mafuta huitwa kazini. Baada ya saa sita usiku mahitaji hushuka hadi takriban nusu ya kilele. Mto unaweza kuzuiliwa kwenye bwawa ukangoja, lakini kisima cha jotoardhi hakipendi kufungwa na kufunguliwa kila siku, kwa hiyo mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani bila kupita kwenye mtambo wowote. Mvuke huo umekwisha kulipiwa: visima vimechimbwa, mabomba yamelazwa, mikopo inalipwa.

Hoja yangu basi ni kwamba kipimo cha kaboni ni cha kuazima, na hakitutoshi. Tunachopaswa kukifundisha kompyuta zetu kukitazama ni pengo kati ya saa tatu ya usiku na saa tisa ya usiku. Utafiti wa kuhamisha mzigo tuuchukue, lakini tubadilishe kinachofuatwa. Tena mzigo wa kwanza wa kuhamishwa, kwa maoni yangu, usiwe wa seva. Nitaeleza hilo mbele ya uzi baada ya kuwasikia ninyi, hasa walioko kazini katika magari ya umeme na waliowahi kukaa katika chumba cha kudhibiti gridi.

Mama_Depo

Nashukuru kwa mada, kaka. Mimi hutunza programu inayopanga kuchajiwa kwa mabasi ya umeme katika depo moja hapa jijini, kwa hiyo nitasema ninayoyaona kila usiku.

Aprili 2023 iliwekwa bei maalumu ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa yuniti katika saa za kawaida na shilingi 8 katika saa za mahitaji madogo, kabla ya kodi na tozo nyingine. Siku za kazi bei ya chini huanza saa nne usiku na kuisha saa kumi na mbili asubuhi. Mabasi nayo hurudi depo kati ya saa tatu na saa tano usiku, na basi la kwanza hutakiwa barabarani kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Ukitazama karatasi, mambo yamejipanga yenyewe. Ukiwa depo unakuta transfoma moja ambayo haiwezi kubeba mabasi yote yakichaji kwa nguvu kamili, basi moja limerudi na asilimia 12 na jingine na asilimia 55, na msimamizi wa njia anabadilisha ratiba ya kesho saa tano na nusu usiku.

Tulijaribu programu ya ukokotoaji inayotafuta mpangilio bora kuliko yote. Kisha tukajaribu kanuni ya kawaida kabisa: linaloondoka mapema lichajiwe kwanza, na jumla isizidi kikomo cha transfoma. Tofauti ya gharama kati ya mbinu hizo mbili ilikuwa ndogo mno kumshawishi mtu yeyote pale ofisini, na ile ya pili vijana wa zamu wanaweza kuieleza wanapoulizwa kwa nini basi fulani bado linangoja. Kwa hiyo matokeo ya hao watafiti wa Amherst hayanishangazi.

Utafiti ulionigusa zaidi ni ule wa betri. Mwaka 2019 watafiti wa Stanford, MIT na Taasisi ya Utafiti ya Toyota walichapisha matokeo ya seli 124 za lithiamu na fosfeti ya chuma, aina ileile inayotumika katika mabasi mengi. Seli hizo zilidumu kati ya mizunguko 150 na 2,300 ya kuchaji na kutumia. Kwa kuangalia mizunguko 100 ya kwanza tu, wakati uwezo wa seli bado haujaonyesha dalili ya kushuka, modeli yao ilikisia umri wake kwa wastani wa kosa la takriban asilimia 9. Mwaka uliofuata kundi hilohilo, likitumia modeli hiyo kuchagua majaribio ya kufanya, lilipata njia bora za kuchaji haraka miongoni mwa njia 224 kwa siku 16, kazi ambayo kwa utaratibu wa kawaida ingechukua zaidi ya siku 500.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani nimepata jibu la swali ambalo mwenye mabasi huniuliza kila mwezi: betri hii itafika mwaka wa ngapi? Lakini seli zile zilikaa katika chumba cha nyuzi 30 za Selisiasi, zikatolewa umeme kwa mkondo usiobadilika hadi mwisho, mzunguko baada ya mzunguko. Siri ya modeli imo katika tofauti ndogo ya mstari wa volti kati ya mzunguko wa kumi na wa mia. Basi la Nairobi halina mstari wa namna hiyo. Linasimama, linaondoka, linapanda Waiyaki Way likiwa limejaa, linashuka huku breki zikirudisha umeme kwenye betri, na mara nyingi huchomekwa kabla halijaisha.

Tena betri za aina hii zina volti zisizobadilika sana katikati ya safari, kwa hiyo kompyuta ya basi haiwezi kuzisoma volti ikajua kilichobaki; hulazimika kuhesabu mkondo unaoingia na unaotoka, na hesabu hiyo hukusanya makosa mpaka betri ijazwe kabisa ndipo ijirekebishe. Ndiyo sababu dereva hutoka mjini akiona asilimia 30 na kabla ya kufika Uthiru kioo kikamwonyesha 18. Kinachotibu hali hiyo ni kulijaza basi mpaka asilimia 100 mara kwa mara, na kufanya hivyo huchukua saa za usiku ambazo programu ya kupunguza gharama ingependa kuzigawa kwingine. Natamani nione utafiti unaoweka mambo hayo mawili, bei ya umeme na usahihi wa kipimo cha betri, katika ukokotoaji mmoja.

Mzee_wa_Kontrolo

Nimewasoma nyote wawili kwa furaha. Nilifanya kazi katika udhibiti wa gridi kabla ya kustaafu, na nitajibu upande wa utabiri, kwa sababu kuhamisha mzigo bila kujua upepo wa saa nane usiku utakuwaje ni kubahatisha.

Watu hupenda kutaja tangazo la DeepMind, kampuni ya akili unde iliyo chini ya Google, la Februari 2019, kwamba modeli yao ilitabiri saa 36 kabla uzalishaji wa mashamba ya upepo yenye megawati 700 huko Marekani na kuongeza thamani ya umeme huo kwa takriban asilimia 20. Someni vizuri: ulinganisho ulikuwa na hali ambayo shamba halitoi ahadi yoyote ya muda kwa gridi. Ukimlinganisha mkimbiaji na aliyekaa, atashinda.

Mambo yamesonga mbele tangu hapo, nakubali. Modeli ya kutabiri hali ya hewa ya Pangu-Weather ilichapishwa Julai 2023, GraphCast ikafuata Novemba mwaka huohuo ikitoa utabiri wa siku 10 kwa chini ya dakika moja juu ya kichakataji kimoja, na Februari 2025 Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Hali ya Hewa kikaanza rasmi kutumia modeli yake ya akili unde sambamba na ile ya fizikia. Kwa nchi isiyo na kompyuta kubwa hii ni neema, kwa maana sasa utabiri unaweza kukokotolewa Nairobi bila jumba la mashine.

Lakini jiulizeni modeli hizi zilisomea wapi. GraphCast na Pangu-Weather zote zilifunzwa kwa ERA5, yaani historia ya hali ya hewa ya dunia iliyoundwa upya na kituo hicho cha Ulaya. Sasa, upepo wa Loiyangalani, lilipo shamba letu kubwa la upepo kaskazini karibu na Ziwa Turkana, si upepo wa kawaida. Unatoka kusini-mashariki, unabanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, ukawa mkondo wa kasi unaovuma karibu na ardhi, wenye nguvu zaidi usiku kuelekea alfajiri. Mwaka 2021 watafiti walikwenda kuupima kwa maputo katika bonde hilo la Turkana, na walichokiona ni kwamba mkondo halisi una nguvu kuliko unavyoonekana katika historia hizo zilizoundwa upya. Modeli iliyosomea kitabu chenye pengo itarithi pengo hilo, hata iwe hodari namna gani kwingineko.

Kuna suala la ukubwa pia. GraphCast huigawa dunia katika miraba ya robo nyuzi, ambayo hapa kwetu karibu na ikweta ni kilomita 28 hivi kila upande. Shamba la Loiyangalani, lenye mitambo 365 na megawati 310, liko katika ekari takriban 40,000, sawa na kilomita za mraba 160. Shamba zima linaenea ndani ya mraba mmoja na nafasi inabaki. Kwa hiyo utafiti ninaouona una maana hapa ni ule wa kusahihisha: uchukue utabiri wa dunia, uuambatanishe na vipimo vya upepo vya kwenye mitambo yenyewe, na ufunze modeli ndogo ya mahali hapo. Si kazi ya kutangazwa magazetini, ila kijana mwenye kompyuta ya mkononi na data ya miaka michache anaiweza.

Jambo la mwisho kwa vijana wanaotuletea michoro mizuri. Aliye katika chumba cha kudhibiti haulizi wastani wa kosa. Anauliza: ndani ya saa ijayo, upepo unaweza kuanguka kiasi gani kwa ghafla, na nina akiba gani? Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani, uwanja wa ndege ukiwemo, na baada ya usiku kama ule hakuna msimamizi wa zamu atakayepunguza akiba kwa sababu modeli ina wastani wa kosa la asilimia tatu. Ndiyo maana nafurahia mwelekeo mpya wa utabiri unaotoa matokeo mengi yanayowezekana badala ya moja, kama GenCast iliyochapishwa Desemba 2024. Mletee msimamizi uwezekano wa mabaya, atakusikiliza.

Na tambueni hali hii: mkondo wa Turkana una nguvu zaidi usiku wa manane, saa zilezile ambazo Olkaria inaachilia mvuke. Upepo na mvuke vinagombania mteja mmoja aliyelala.

Tokeni_Kayole

Heshima yako, Mzee. Nauliza kama mteja wa nyumbani: huyo mteja aliyelala ni mimi, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba umeme wa saa tisa usiku ni wa ziada. Nikipiga pasi saa mbili usiku au saa kumi alfajiri, yuniti zangu huisha kwa bei ileile.

Mita zetu za tokeni, hizi za kulipia umeme kabla ya kuutumia, haziwezi kufanya mnachokizungumzia. Mnakumbuka mwaka 2024 tulipotakiwa kuingiza namba tatu za tarakimu 20, mbili za kuisasisha mita na ya tatu ya umeme tulionunua? Jirani yangu alikosea tarakimu moja akaanza upya huku akimulikiwa na tochi ya simu. Sababu ilikuwa ya kompyuta kabisa: mfumo wa kimataifa wa mita hizo huhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993 kwa biti 24, yaani nafasi 24 za sifuri au moja, na biti 24 hujaa baada ya dakika milioni 16.8 hivi, yaani tarehe 24 Novemba 2024. Mita zote za aina hiyo duniani zililazimika kusasishwa kabla ya siku hiyo.

Nimelitaja kwa sababu linaonyesha mita hii ni kitu cha aina gani. Ujumbe unaingia kwa vidole vyangu, na hakuna kinachorudi. Kampuni inajua nimenunua yuniti 20 mwezi huu. Haijui kama nimezitumia saa mbili usiku au saa nane mchana. Wateja tuko takriban milioni 10. Sasa hiyo programu ya kuhamisha mzigo itahamisha mzigo ambao haijawahi kuuona?

Mwanafunzi_Juja

Swali la Tokeni_Kayole ndilo lililonikwamisha katika mradi wangu wa chuo. Ripoti za takwimu za mamlaka ya kawi hutoa jumla za miezi na vilele vya mahitaji, na kwa kufunza modeli ya saa kwa saa ya mtaa mmoja jumla hizo hazinisaidii. Nilichokiona cha kuigwa ni kazi ya Accra, ambako kuanzia 2018 watafiti walichomeka vifaa vidogo kwenye soketi za nyumba na maduka ili virekodi umeme unapokatika na volti zinaposhuka, bila kungoja mita mpya kutoka kwa kampuni. Kuna pia mfano wa nyumbani: Digital Matatus, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa MIT na Columbia, walipanda matatu wakiwa na simu na kuzirekodi njia zake, na ramani ikatolewa mwaka 2014. Data ya njia ndiyo hiyohiyo inayohitajika kukadiria basi la umeme litatumia kiasi gani. Je, Mama_Depo, mnaweza kuwapa wanafunzi data ya kuchaji iliyoondolewa namba za magari?

Kilele_cha_Ngong

Niwajibu kwa pamoja, na nitimize ahadi niliyoitoa kuhusu seva.

Tokeni_Kayole ameeleza kikwazo kikuu kwa uwazi kuliko makala yoyote niliyosoma, na hitimisho ninalolipata ni kwamba tuanze na mizigo michache mikubwa yenye mita zinazosoma saa: depo za mabasi, vituo vya kubadilishia betri za bodaboda, pampu za maji, viwanda. Viwanda vilipewa bei ya nusu kwa matumizi ya usiku tangu Desemba 2017, kwa hiyo msingi wa kisheria upo. Nyumba za kawaida zitafuata mita zitakapobadilika.

Sasa vituo vya data. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba vituo vya data duniani vilitumia terawati-saa 415 mwaka 2024, takriban asilimia 1.5 ya umeme wote, na kwamba huenda vikafikia 945 ifikapo 2030. Mei 2024 Microsoft na G42, kampuni ya akili unde ya Abu Dhabi, walitangaza mpango wa kituo huko Olkaria kitakachotumia jotoardhi, kikianza na megawati 100. Pima hiyo dhidi ya kilele chetu cha 2,300 na utaona kwamba si mteja wa kawaida. Wanaouunga mkono mpango wa namna hii husema kituo kitanunua mvuke wa usiku unaopotea. Ni kweli, lakini kitanunua na wa saa mbili usiku, ambao hatuna.

Hapo ndipo utafiti wa karibuni unapovutia. Februari 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha kwamba gridi za Marekani zingeweza kupokea gigawati 76 za mzigo mpya bila kuongeza uwezo, iwapo mzigo huo ungekubali kupunguzwa kwa asilimia 0.25 tu ya matumizi yake ya mwaka. Mwaka huohuo, huko Phoenix, kampuni ya Emerald AI ilifanya jaribio kwenye vichakataji 256 vya kazi za akili unde, ikapunguza umeme wake kwa asilimia 25 kwa saa tatu za kilele, huku kazi za lazima zikiendelea na zile zinazoweza kusubiri zikipunguzwa kasi. Kwa hiyo inawezekana kiufundi.

Ila hesabu ya Duke haihamishiki hapa, na naomba wanaoinukuu wazingatie sababu. Kule kilele kikali huja siku chache za mwaka, joto au baridi inapozidi; asilimia 0.25 ya matumizi ya mwaka ni sawa na kuzima kabisa kwa saa zisizofika 22. Sisi tuko kwenye ikweta. Hatuna majira makali, na kilele chetu ni cha kila jioni. Kituo cha Olkaria kingetakiwa kupunguza matumizi kwa saa tatu kila siku, yaani sehemu moja ya nane ya maisha yake, na mwenye vichakataji vya bei ile hatakubali vikae vikimtazama. Basi la umeme linangoja bure. Tangi la maji linangoja bure. Seva inangoja kwa gharama kubwa. Ndiyo sababu nasema mvuke wa usiku wauziwe magari na pampu kwanza, na mwenye kituo cha data aje na mkataba unaotaja saa moja hadi saa nne usiku kwa maandishi, au achimbe visima vyake.

Mzee_wa_Kontrolo

Nakubaliana nawe, isipokuwa kwa jambo moja: gridi si bakuli moja. Umeme wa ziada wa Olkaria haufiki Kisumu kwa sababu tu upo. Mtambo wa Muhoroni umekuwa ukiwashwa kwa mafuta kushikilia volti za magharibi, ilhali kwingineko kuna umeme wa kutosha. Programu yenu ikitazama jumla ya nchi bila kutazama laini, itaipa depo ya Kisumu ruhusa ya kuchaji wakati ambapo ingepaswa kuinyima.

Na kuna hatari ambayo Mama_Depo ataijua. Bei ikishuka saa nne kamili, kila programu ya kuchaji nchini itaanza saa nne kamili. Leo mabasi ni machache na hatutaliona. Yakiwa maelfu, pamoja na betri za bodaboda, tutakuwa tumetengeneza ngazi ya mzigo inayopanda ndani ya dakika moja, na mitambo haipendi ngazi. Uingereza waliliona hilo mapema: kanuni zao za vifaa vya kuchajia magari nyumbani na kazini, zilizoanza kutumika Juni 2022, hulazimisha kila kifaa kichelewe kwa muda wa kubahatisha, hadi dakika 10 kwa kawaida, na kiweze kuongezewa hadi dakika 30.

Mama_Depo

Mzee, kwetu mabasi huingia kwa zamu kwa sababu ya transfoma, kwa hiyo ngazi yetu ni fupi. Lakini depo yenye transfoma kubwa haina sababu ya kufanya hivyo. Kuongeza uchelewesho wa kubahatisha ni mstari mmoja wa programu. Nitauweka katika toleo letu lijalo, ingawa hakuna anayetulazimisha. Ningependelea zaidi saa ya kuanza bei ya chini itofautiane kati ya maeneo, wengine saa nne, wengine saa nne na nusu, kwa kufuata laini kama ulivyoeleza, maana hilo halihitaji kifaa kipya.

Mwanafunzi_Juja, kuhusu data: mwenye mabasi amekubali tutoe muda wa kuchomeka, muda wa kuchomoa, yuniti zilizoingia na asilimia ya betri mwanzo na mwisho, bila namba za magari wala za njia. Nitumie ujumbe wa faragha kupitia msimamizi wako wa mradi. Asilimia ya mwanzo usiiamini sana, kwa sababu niliyoeleza juu. Iangalie tu katika siku zinazofuata usiku ambao basi lilijazwa kabisa.